Turbo Yangu Imemgharimu Mama Mkwe Mguu Wake

Mimi ndiye niliyesababisha mama mkwe wangu akatwe mguu. Ukweni wanasema ni nyoka, mke wangu anasema ni mapenzi ya Mungu, na mimi naitikia amina. Leo nimechoka kuitikia. Nisikilize, halafu unihukumu utakavyo.

Naishi Chapwa, hapa Tunduma. Ukweni ni chini bondeni Momba, kwenye mpunga na joto. Kati yetu na wao kuna mlima mbaya, wa kona na vumbi, unaoanzia karibu kabisa na kijiji chao. Siku tuliyotoka kujitambulisha, gari langu dogo lililozaliwa bila turbo lilishindwa kuupanda. Mashemeji wakaja kusukuma. Mama mkwe alisimama pembeni, kanga usoni, maana kwetu mkwe na mama mkwe hawatazamani wala hawasemezani. Lakini aliona!

"Shemeji," kaka mkubwa wa mke wangu akasema, "siku nyingine njoo na ng'ombe wa kulivuta, tutawahesabu humo humo kwenye mahari." Watu wakaangua kicheko. Jamani, nilitamani ardhi inimeze! Nikaapa kwamba mlima ule nitaupanda wote wakitazama.

Fundi wangu ni kijana wa Nakonde, ng'ambo tu ya mpaka, mwenye maneno mengi na laptop iliyopasuka kioo. Turbo, ile feni ya kusukumia injini hewa, akafunga. Kisha akaniambia kazi yenyewe ndiyo kwanza inaanza, kwa sababu kontroboksi, yaani kompyuta ya injini, haijui kuwa kuna turbo. Hewa itaongezeka, yenyewe itaendelea kumwaga petroli kwa kipimo kile kile cha zamani.

"Iwe mudala, wewe mzee wangu, chagua," akasema. "Tunaweza kuitoa hii tuweke kontroboksi nyingine, tuipangie kila kitu wenyewe. Hiyo ndiyo dawa, ila gari litalala hapa. Au tuifungue hii hii tuandike programu upya, lakini ya kwako ni ya zamani, imejifunga, sikuahidi. Au nikufungie kiboksi pembeni, kiidanganye."

"Kiidanganye vipi?"

"Kinaiambia kontroboksi kuwa hewa ni ile ile ya siku zote ili isishtuke, halafu chenyewe kinaongeza petroli kwa kukisia. Hicho nafunga leo leo."

Nikachagua kiboksi. Nilikuwa na haraka ya kijinga, nilitaka kushuka ukweni wikiendi ile ile.

Akakipima asubuhi kwenye lami ya Chapwa, baridi inauma. Gari likaruka! Nilicheka peke yangu kama mwehu. Fundi hakucheka.

"Nimepimia huku juu, hewa nyepesi, kuna baridi," akasema. "Bondeni hewa ni nzito na joto ni kali. Turbo itasukuma hewa zaidi, petroli haitatosha, injini itajipika yenyewe. Usishuke mpaka twende wote nikapime kwenye mlima wenyewe. Umenisikia?"

"Nimekusikia." Kumbe nilisikia kwa sikio moja!

Nyumbani mke wangu akauliza, "Fundi amemaliza?" Nikamjibu amemaliza. Neno moja tu, na lilitoka bila hata kukwama kooni.

Jumamosi tukashuka. Kushuka hakuna kazi, gari linateremka lenyewe. Nikafungua boneti uani, mashemeji wakazunguka, nikaeleza turbo mpaka jasho likanitoka. Sikumaliza maelezo. Tukasikia yowe shambani: mama mkwe amekanyaga nyoka, kifutu, kwenye majaruba, naye amemgonga. Walipomleta, mguu ulikuwa umeanza kuvimba. Mhudumu wa zahanati akasema dawa ya sumu iko mjini, tukimbie.

Jirani yao alikuwa anapakia mpunga kwenye pikapu. Mzee wa watu akaanza kushusha magunia. "Ngoja nimpeleke mama," akasema.

Hapa ndipo nilipoharibu! Nilisema, "Mzee, acha mpunga wako. Hili lina turbo."

Mama mkwe akalazwa nyuma, kichwa mapajani kwa mke wangu, kanga usoni hata katika maumivu yale. Nikaukanyaga mlima. Mwanzoni gari lilipanda vizuri ajabu, na Mungu anisamehe, nilijisikia fahari. Mama wa watu analia nyuma, mimi natamani shemeji angeniona!

Kona ya tatu sauti ikaanza. Ta-ta-ta-ta, kama bisi zinapasuka kwenye sufuria. Nikaitambua, maana fundi alishaniambia injini ikijipika hulia hivyo.

Nyuma, mama mkwe akamnong'oneza binti yake. Mke wangu akasema, "Mama anauliza hiyo sauti ni ya nini."

"Mwambie ni mawe ya barabarani."

Laiti ningeondoa mguu kwenye mafuta pale! Ningepanda polepole kwa gia ndogo, huenda tungefika. Lakini polepole ilikuwa aibu ile ile ya zamani, nami nikaongeza mwendo. Ikasikika pu! Moshi ukatoka nyuma, nguvu zikaisha, tukasimama katikati ya mlima kwenye jua la mchana.

Simu haishiki. Mguu unavimba unang'aa, ngozi inageuka rangi. Mke wangu ananitazama tu, anasema, "Washa. Washa tena." Nawasha, injini inazunguka bila kushika. Nilikimbia juu, nikakimbia chini, gari hakuna, na kijijini palishakuwa mbali kwa miguu.

Jua limeshaanza kuinama ndipo ikatokea pikapu. Ndiyo, ile ile! Mzee alikuwa amerudisha magunia yake, anapeleka mpunga mjini. Yeye na mke wangu wakambeba mama na kumlaza juu ya magunia. Mimi nilisimama mikono inaning'inia, kwa sababu mkwe hamgusi mama mkwe. Hata kumbeba sikuweza.

Hospitali walisema mmechelewa. Uhai ukapona, mguu haukupona.

Fundi alipofungua injini, pistoni moja ilikuwa imetoboka. Akaniuliza, "Ulishuka?"

Na ukweni wakanishukuru! Shemeji mkubwa alinishika mkono akasema, "Ulijitahidi, shemeji. Gari ni chuma." Ningepigwa ningelala usingizi.

Mwezi uliopita mama mkwe aliniita ndani, akaondoa kanga usoni. "Mwanangu," akasema, "mkwe hukimbiwa na mwenye miguu miwili. Mimi nimeshindwa, tuzungumze. Ile sauti mlimani, ulikuwa unaijua?"

Nikatazama chini. "Hapana, mama."

Ndiyo maneno ya kwanza niliyowahi kumwambia mama mkwe wangu.

Ndugu yangu unayetaka turbo, funga, sikukatazi. Lakini fundi akikwambia kipimo bado, amini kipimo bado! Kapimie kwenye mlima utakaoupanda. Na kama una mgonjwa na una aibu, panda pikapu ya magunia.

Mke wangu husoma ukurasa huu wa gazeti kila wiki. Mama watoto, ukifika hapa, usimpigie kaka yako kwanza. Niko uani. Njoo uniulize tena kama fundi alimaliza.