Siku Mbili Alizonipa Mama Mdogo

Watu wa Uvira hupenda kunisifu kwamba mimi ni mmoja wa weusi wa kwanza wa hapa kupelekwa Ulaya kusomea wadudu wanaoleta magonjwa. Sifa gani? Niacheni! Bursi ile ya masomo niliipata kwa mgongo wa mama mdogo, na mpaka leo hajaniacha. Nikiinamia darubini namsikia anapumua nyuma yangu.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya hamsini. Nilikuwa nimeshamaliza masomo ya uganga, napima damu hospitalini. Bursi ilikuwa moja tu, na serikali ingemlipia mtu kila kitu. Daktari mzungu alitaka kila mwombaji alete kazi ya mkono wake: damu ya mgonjwa wa malaria kwenye kioo, pamoja na mbu waliomnyonya, kutoka nyumba ileile. Mgonjwa awe hajameza dawa. Niliitaka bursi ile kufa na kupona, sitaficha.

Mama mdogo, yaani mdogo wake mama, alikuwa ameolewa Luberizi, kwenye mashamba ya pamba. Alizaliwa milimani kwenye baridi. Malaria ya bondeni mwili wake haukuizoea. Nilipofika nilimkuta peke yake, mumewe yuko safarini, anatetemeka chini ya blanketi. Mungu anisamehe, nilifurahi.

Nikamtoboa kidole, nikachukua damu. Kisha nikaanza kuwatafuta mbu ukutani kwa mrija wa kioo, ule unaowavuta kwa pumzi ya mdomo. Nikapata watatu tu, wamekonda, maana moshi wa jiko uliwafukuza. Vidonge nilikuwa navyo mfukoni. Mgonjwa mwingine ningempa palepale. Lakini nikajiambia, nikimpa leo, mbu wa kesho watakuwa kazi bure.

"Mama mdogo," nikamwambia, "ungoje dawa kidogo. Siku mbili tu. Na moto tuuzime, mbu waingie."

Akacheka, meno yanagongana. "Kumbe minye niko chambo yako! Haya, nitangoja. Weye usome, mwanangu."

Laiti angekataa! Laiti angenitukana! Alikubali kwa sababu alinipenda, basi.

Asubuhi iliyofuata ukuta ulijaa mbu wanene, wekundu. Nilivijaza vichupa vyangu huku napiga mluzi. Lakini hawakunitosha, nikataka na wa kesho.

Asubuhi ya tatu hakunitambua tena. Aliniita kwa jina la kaka yake aliyekufa zamani. Nikamtia vidonge mdomoni, vikatoka na mate. Nikampiga sindano, nikamwita, nikamtikisa, nikalia kama mtoto. Kabla ya saa sita mchana alikata roho.

Hakuna aliyeniuliza kitu, kwa kuwa hakuna aliyejua. Daktari aliwatazama wale mbu, akanipa mkono. Bursi ikatoka.

Siku ya kuondoka, baba mdogo, mume wa marehemu, alitoka Luberizi kwa miguu akanikuta Kavimvira, pale magari ya Usumbura yalipokaguliwa. Akaniwekea mkono kichwani mbele ya watu wote.

"Weye ndiye ulikaa naye siku zile zote," akasema. "Bila weye angekufa peke yake. Enda, mwanangu, baraka yake iko juu yako."

Hapo ndipo nilipaswa kusema. Maneno yalishafika mdomoni. Dereva akapiga honi.

"Asante, baba," nikasema, nikapanda.