Simu Iliyoitwa Kikaoni

Nyumbani kwetu Izimbya mimi ndiye mbishi wa familia. Cheo hicho nilipewa nikiwa mdogo, siku nilipomwambia padri, mbele ya waumini, kwamba mahubiri yale alishayatoa Jumapili iliyopita. Baba aliniombea radhi, na mpaka leo hajamaliza kuniombea radhi.

Kwa hiyo nilipomaliza kidato cha sita nikatangaza kwamba naomba chuo nikasomee kompyuta, hakuna aliyeshangaa kikao kilipoitishwa. Baba mdogo alikuja kutoka Kemondo, anakouza samaki anaowanunua visiwani Muleba. Shangazi alikuja kutoka Buhembe, na uamuzi wake alishautoa huko huko nyumbani kwake, kabla ya kikao. Maombi ya chuo yalikuwa yanafungwa wiki ile, na bila ridhaa ya baba nisingekwenda popote.

Tulikula kwanza. Kisha kikapu cha kahawa ya kutafuna kikaanza kuzunguka, wakubwa kwanza kama kawaida, na kabla hakijanifikia mimi wa mwisho, vita vikaanza.

"Kompyuta imekwisha," alisema baba mdogo. "Kule kisiwani tuna jamaa ana digrii yake ya kompyuta. Tunamtuma barafu. Siku hizi mashine inajiandikia programu yenyewe. Wewe utabaki kuifuta vumbi?"

"Asome uuguzi," alisema shangazi. "Hiyo mashine haiwezi kumgeuza mgonjwa kitandani."

Baba alitaka nisomee kilimo. Alisema kahawa ipo, migomba ipo, kinachokosekana ni msomi wa kuitazama. Mimi nilibishana nao mmoja mmoja, kisha wote kwa pamoja, mpaka mama akatoka jikoni kuangalia nani anapigwa.

Hapo nikatoa hoja niliyoiona ya kijanja kupita zote. "Kwa kuwa tunaisema sana hii akili mnemba, tuiulize yenyewe."

Sikuwaambia kwamba jana yake nilikuwa nimeshaiuliza kimyakimya, ikaniambia nimechagua vizuri mno. Nilijua ninamleta wakili wangu.

Nikaiweka simu mezani, ikazungumza kwa sauti Kiswahili kilichonyooka kuliko cha mkuu wetu wa shule. Mama akaitandikia kitambaa. Baba, ambaye hajawahi kumnyima mgeni kahawa, akasogeza kikapu mbele yake. "Karibu, waitu," akaiambia, kwa neno letu la heshima. Hakuna aliyejua kama anatania.

Baba mdogo akauliza kama si kweli kwamba kompyuta haina kazi tena, na bora mtoto aingie kwenye samaki.

"Hoja yako ina uzito mkubwa," ilijibu simu. "Biashara ya samaki ni chaguo la busara."

Baba mdogo akanitazama kama mtu aliyeshinda kesi ya mpaka wa shamba. Shangazi akauliza habari ya uuguzi. "Swali zuri sana! Uuguzi ndiyo njia ya uhakika." Baba akakohoa kidogo, akaomba samahani kwa kuisumbua, akauliza kuhusu kahawa. "Hilo ni wazo bora kabisa." Nami nikauliza langu, la kompyuta. Lilikuwa bora kabisa vilevile.

Mama, ambaye hakuna aliyemwomba maoni, akainama mezani. "Na mimi naweza kuwa rubani?"

"Hujachelewa kamwe!"

Shangazi akapaliwa na kahawa. Baba mdogo alicheka mpaka akashika ukuta. Mimi sikucheka. Niliogopa. Nilikitaka chuo kile kwa moyo wangu wote, na wakili niliyemtegemea alikuwa amekula kahawa ya pande zote. Nikaikwapua simu.

"Wewe muongo! Huwezi kutukubalia wote!"

"Uko sahihi kabisa. Naomba radhi."

"Na mimi usinikubalie!"

"Uko sahihi. Sitakukubalia tena."

"Unanikubalia sasa hivi! Umemdanganya baba yangu. Umemwambia kahawa, hujamuuliza shamba lina ukubwa gani, hujamuuliza mtoto mwenyewe anataka nini. Ungekuwa mtu ungefukuzwa!"

Nilipoinua macho, wote walikuwa wananitazama. Machozi yalikuwa yananilengalenga na sikujali. Baba alitafuna polepole, kwa muda mrefu.

"Miaka yote hii," alisema, "nimejiuliza huyu mtoto Mungu amemleta wa nini." Akaielekezea simu kidole. "Watu wengi wataiuliza hii mambo ya maana, nayo itawakubalia tu. Inahitaji mtu wa kuikatalia, tena bila kuchoka. Sisi tunaye. Akasome kompyuta."

Baba mdogo akataka kusema neno. "Nimemaliza, waitu," alisema baba.

Nilifungua mdomo kumweleza kwamba haifanyi kazi hivyo, kwamba kompyuta hazifundishwi kwa kugombezwa, kwamba kuna hesabu ndani yake. Mama akanikanyaga mguu chini ya meza, kwa kisigino.

"Asante, tata," nikamwambia baba.

Baba akakiondoa kikapu mbele ya simu, akawaruka wote waliokuwa katikati, shangazi na baba mdogo, akakiweka mbele yangu. Nikachukua kahawa, nikatafuna, nikanyamaza.