Sajenti wa Banda la Video

Mwenyekiti wa kijiji ametangaza rasmi, mkutanoni, kwamba hakuna kijana hata mmoja wa hapa aliyevuka ziwa kwenda kupigana vita vya watu. Tulipiga makofi. Tangazo limebandikwa kwenye mlango wa ofisi, na lina muhuri.

Jumapili mchana, baada ya misa, tunakwenda banda la video kumsikiliza mtafsiri wa sinema. Anakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, kipaza sauti amekishika kwa mikono miwili kama kikombe cha uji, na sauti yake haipandi hata mabomu yakilia. Sinema anayoirudia ni ya zamani, ya vijana wa Kizungu walioondoka kwa treni wakiimba. Mwishoni sajenti anaita majina sita na haitiki mtu. Mtafsiri hutafsiri hata majina.

“Polycarpe! Hayupo. Dieudonne! Hayupo.”

“Mzee, Mzungu gani anaitwa Dieudonne?” Mwanzoni vijana walikuwa wanacheka.

Juzi Séverine, muuza dagaa, alimfuata mtafsiri mlangoni.

“Baba, kwenye majina yako mtie na mwanangu.”

“Amekufa?”

“Nitajuaje? Alivukia Ikola, simu haipatikani tangu Pasaka.”

Mtafsiri alifuta kipaza sauti kwa kitambaa, kama afanyavyo kila mara, kisha akamwuliza jina.

Jumapili hii sajenti alipomaliza jina la sita na kufunga mdomo, mtafsiri alisimamisha picha, akaendelea kuita. Ladislas wa Séverine alikuwa wa kumi na moja.