Isnino wa Barabara ya Ulanga

Kuna watu hapa Isiolo watakuambia Isnino Robow alikuwa na kichwa kigumu. Usiwasikilize sana. Wengi wao wamekunywa chai ya maziwa yake miaka nenda miaka rudi, na sijasikia hata mmoja akisema asante.

Alizaliwa Chechelesi, hapa hapa Isiolo, kwenye zile nyumba za familia za askari wa zamani, Wasomali waliokuja na jeshi la Mwingereza, wakapewa pa kukaa, wakakaa moja kwa moja. Baba yake, mzee Robow, alikuwa tarishi wa jeshi wakati wa vita vya Mtaliano. Wenzake walibeba bunduki, yeye alibeba barua. Alizipeleka kwa baiskeli kutoka kambi ya Isiolo mpaka machimbo ya ulanga, yale mawe ya kumetameta, ng'ambo ya Burat. Mzungu mmoja alikuwa akichimba huko kabla ya vita, kisha jeshi likapachukua likapafanya ghala la risasi na mahali pa kuvunja mawe ya barabara. Vita vilipoisha Mzungu hakurudi. Mashimo yakabaki wazi, na barabara ya mawe iliyokwenda huko ikabaki haina mtu.

Robow alirudi nyumbani na baiskeli moja na maneno mengi. Mungu hakumjalia mtoto wa kiume, basi akamfundisha binti yake Isnino kuendesha, na miguu ya mtoto ilikuwa mifupi hata ikabidi aupitishe mmoja chini ya mtaimbo wa baiskeli. Majirani wakasema huyu hataolewa. Robow akawajibu kwamba atakayemtaka ajipange, maana itabidi amkimbize.

Aliyemkimbiza ni Abdisalan, mnunuzi wa ngozi, kijana mrefu wa watu wa huko huko Chechelesi. Alimwona siku moja akiteremka na baiskeli, mtandio wa kichwani ukipepea, akacheka mpaka akakaa chini. Wiki haikwisha wazee wake wakaja kuposa. Walipendana wale, nakuambia, na hawakujua kuficha. Walizaa watoto watatu, wa kwanza Istar. Halafu mwanzoni mwa mwaka wa sabini na saba malaria ikampanda Abdisalan kichwani, na hata kumfikisha hospitali hawakuwahi.

Isnino akavaa nyeupe, akakaa eda yake yote bila kuvuka mlango. Eda ilipokwisha, wazee wakaja, na mbele yao alikuwa Guled, kaka yake marehemu.

Kwetu Wasomali kuna desturi ya dumaal: mtu akifa, ndugu yake humwoa mjane, ili watoto wasitawanyike na mama asihangaike. Guled hakuwa mtu mbaya, nisikudanganye. Alikuwa na lori, shamba la mahindi Burat na wake wawili waliokuwa wanakula na kuvaa vizuri. Alisema kwa upole, macho chini.

"Shemeji, hawa ni damu yangu. Nitakuweka kama nilivyowaweka wenzako."

"Najua, Guled. Mungu akulipe," Isnino akasema. "Lakini sitaki. Niacheni nilee watoto wangu."

Wazee wakaguna. Mmoja akamuuliza atawalea kwa kitu gani. Akanyoosha kidole pembeni ya nyumba, ilipoegemea baiskeli nyeusi ya Abdisalan. Walicheka, bwana. Ni Guled peke yake hakucheka. Alisema dini haimlazimishi mjane, na yeye hatamlazimisha, lakini hataki kuona watoto wa nduguye wakilala njaa kwa sababu ya kiburi cha mama. Wakakubaliana pale pale, wazee wakiwa mashahidi: mpaka mwezi wa Ramadhani uandame. Watoto wakiwa wanakula na kusoma, Guled hatauliza tena. Wakipungukiwa, Isnino ataingia nyumbani kwake bila neno.

Akatoka kutafuta kazi. Mvua ya masika ilikuwa imenyesha vizuri mwaka ule, na huko ng'ambo ya machimbo ng'ombe walijaa maziwa. Alimfuata Gumato, mama wa Kiborana mwenye boma lake huko. Wakasalimiana nagaa kwa nagaa, yaani amani kwa amani, wakaulizana mvua, mifugo, watoto, wazee, na mvua tena, kisha wakapatana. Shida ya maziwa ya huko ni kwamba yalibebwa mgongoni au kwa punda, na kabla hayajaona mji jua lilikuwa limeshayagandisha. Isnino akawaza: kwa baiskeli nitafika watu wakiwa ndio wanawasha jiko. Mjini akamwendea Regina, Mmeru mwenye hoteli ya chai karibu na soko la mifugo. Regina akasema kama ni mabichi kweli, atachukua yote.

Siku ya kwanza Isnino alivaa suruali ya marehemu ndani ya dera, akafunga vibuyu viwili kwenye keria. Alikuwa mwangalifu, maskini. Aliviacha nusu, ili maziwa yasimwagike njiani. Akapita barabara kuu ya murram, ile yenye matuta madogo madogo yanayotikisa mpaka meno. Alipofika, Regina akainamisha kibuyu juu ya sufuria. Kwanza kikatoka kimaji chembamba, halafu, pwaa, bonge la siagi.

"Habari ya hii, Mama Istar?" Regina akauliza. "Mimi niliagiza maziwa."

Mwanamke wa Kisomali, aliyezaliwa kwenye nyumba ya maziwa, amesahau kwamba kibuyu kilichojazwa nusu na kutikiswa ndicho hicho hicho tunachosukia siagi! Wafanyabiashara wa ng'ombe waliokuwa wakinywa chai walicheka mpaka wakaimwaga. Kabla ya adhuhuri mji mzima ulikuwa na habari ya mwanamke anayesuka siagi kwa baiskeli. Ikafika kwa Guled pia. Usiku ule watoto walikula chapati na siagi, na Isnino hakumeza kitu. Aliogopa, na aliogopa kweli. Alijiona ameshakaa kwenye nyumba ya watu, mke wa tatu, akiombewa kheri na kila mtu.

Asubuhi Robow alimkuta ameinamia baiskeli.

"Unalia?"

"Hapana, Aabo," akamjibu baba yake.

"Afadhali. Maana mwenye kulia ningekuwa mimi. Nimekufundisha baiskeli, sikukufundisha akili?" Mzee akaketi kwenye kizingiti. "Jaza kibuyu mpaka mdomoni, kisiwe na nafasi ya kucheza. Halafu achana na murram. Pita barabara yetu."

Barabara yao ni ile ya ulanga. Mji mzima uliikwepa. Wengine walisema kuna mabomu hayajalipuka kwenye mashimo, wengine walisema askari waliofia huko bado wanapiga kwata. Hata wachungaji walizunguka mbali. Lakini ilikuwa imetandikwa mawe, yakashindiliwa na malori ya vita yakalala sawasawa, na kwa miaka yote ile hakuna gari lililopita kuiharibu.

"Kuna mabomu, Aabo."

"Yako shimoni. Wewe unakwenda shimoni kufanya nini?"

Akaenda naye kwa miguu, mzee mzima na fimbo yake, akimwonyesha: hapa shika kulia, hapa korongo limekula ukingo, pale usisimame hata ukiona dhahabu. Alikuwa akimwonyesha na huku akitukana maafisa wake wa zamani kwa majina, wote marehemu. Alifurahi siku ile kuliko siku ya harusi yake, na hakuona haya kusema hivyo.

Kesho yake Isnino alipita peke yake. Aliyapita machimbo akisoma Ayatul Kursi kwa sauti, maana mabomu yako shimoni lakini majini hawana adabu ya kukaa mahali pamoja. Kwenye kingo za mashimo ulanga ulikuwa ukimetameta juani. Hakutazama. Magurudumu yalikwenda bila kutikisika, na baada ya mteremko wa mwisho akajikuta anacheka mwenyewe, upepo umemjaa kwenye dera. Regina alipomimina, maziwa yalitoka meupe, mabichi, na bado yana harufu ya moshi wa kibuyu. Regina aliweka sufuria jikoni, akamwongezea Isnino mandazi ya watoto.

Na ikawa hivyo kila siku. Hoteli ya pili ikataka maziwa, kisha walimu, kisha mke wa askari wa kambini aliyejifungua. Wale wale waliocheka wakaanza kuchungulia barabarani akichelewa kidogo. Istar na wadogo zake walikwenda shule na viatu miguuni. Isnino akaanza kutembea kifua mbele, na akitaniwa habari ya siagi anajibu kwamba hiyo ilikuwa zawadi, atakayetaka nyingine aagize mapema.

Jioni moja, mwezi wa Ramadhani ulipokaribia kuandama, Guled akaja na wazee wale wale. Robow alikuwa amekaa mlangoni, amejitayarisha kwa vita. Watoto walikuwa wanakula. Wazee wakatazama sahani, wakatazama viatu vilivyopangwa ukutani, na yule aliyeuliza atawalea kwa kitu gani akajifanya anatafuta tasbihi yake.

"Neno ni neno," Guled akasema. "Umeshinda, shemeji. Lakini nikuulize kitu kimoja, na usinijibu kwa heshima, nijibu kweli. Nina kasoro gani mimi? Watu wananiuliza."

Isnino akainama kuwaongezea watoto chakula. Guled akasogea kando, akaweka mkono kwenye baiskeli kama mtu anayetafuta pa kuuweka. Ndipo akaona. Yeye alikuwa dereva na fundi, na jicho lake halikukosa kitu kama hicho.

"Kiti hiki kiko juu mno. Miguu yako haifiki. Umeendesha hivi miezi yote, kwa ncha za vidole?"

"Ndiyo."

"Na nati hii moja tu ukiilegeza kinashuka. Huna spana?"

"Ninayo."

"Sasa mbona hujakishusha?"

"Alikiweka yeye," Isnino akasema mbele ya wazee wote bila haya. "Kila asubuhi nikipanda hivyo najua alikuwa mrefu kiasi gani. Nikikishusha, Guled, nitakuwa nimemzika mara ya pili. Wewe huna kasoro. Ninampenda ndugu yako, na bado sijamaliza."

Guled alisimama vile vile, kiganja juu ya kiti kile. Machozi yalimtiririka na hakuyafuta. Nadhani tangu mazishi hakuwa amemlilia Abdisalan, kwa sababu kila mtu alimwambia yeye sasa ndiye mwanamume wa familia. Robow, aliyejitayarisha kwa vita, akampisha mlangoni akae.

Baadaye Guled akainuka, akawageukia wazee.

"Twendeni nyumbani," akasema. "Huyu mama ana mume wake."