Dawa ya Shangazi Kwenye Mashine ya Mwanga

Shangazi yangu huuza dawa ya mwarobaini pale soko la Muthurwa. Nilipoanza kazi ya maabara, nilichukua chupa yake moja bila kumwambia, nikaipima. Mashine yetu hupitisha mwanga kwenye dawa. Dawa ikikolea, mwanga mwingi humezwa. Ya shangazi ilimeza karibu wote. Jioni nikaenda kwake Buruburu kifua mbele, nikamwambia dawa yake ni kali kuliko zote nilizopima.

Akacheka mpaka akashika ukuta.

“Hiyo rangi ni majani ya chai, mwanangu. Dawa isipokuwa nyeusi, wateja wanasema nimewauzia maji.”

Nikanuna. Shahada yangu yote, na nimechezwa kama mteja yeyote wa Muthurwa.

“Kwani hiyo mashine yenu,” akaniuliza, “huangalia tu, haionji?”