Kituo Nilichokipa Jina la Zuwena

Nacheka sasa hivi kwa sababu yamepita, lakini jueni kuwa kuna wiki tatu nzima mimi, mwanamume mwenye ndevu zangu, nilikuwa natoka nyumbani kwa mlango wa uani, napita nyuma ya makaburi na kutokea sokoni suruali imejaa mbigili, ili tu nisionekane barabarani. Na aliyenifikisha huko si adui wala hasidi, ni mimi mwenyewe na brashi yangu.

Kazi yangu ni kuandika vibao. Shule niliishia darasa la saba, lakini mwandiko Mungu kanijaalia, na ukitembea Bagamoyo mjini vibao vingi vya saluni na vya mama ntilie ni vyangu (yule kuku mwenye macho kama ya mtu pia ni wangu, naomba tusimzungumzie). Sasa ulipokuja mpango mpya wa usafiri, kwamba magari ya abiria yaondoke kwa saa, yajae yasijae, yasisimame popote mtu anaponyoosha mkono ila kwenye kituo chenye kibao na benchi, na konda aite jina la kituo kama lilivyoandikwa, mimi nilifurahi kuliko hata walioubuni. Mambo hayo nilikuwa nikiyaota siku nyingi, kwa kuwa mama yangu amesimama sana juani na ndoo yake ya dagaa akiapizana na makonda. Basi nilipoambiwa vibao vya njia ya kutoka mjini kwenda Mlingotini niviandike mimi, usingizi ulinipaa.

Bwana wa mradi, mtu mpole mwenye miwani, akanipa orodha. Vituo vyote vilikuwa na majina isipokuwa kimoja, kabla ya kufika Mbegani.

"Hiki nikiandike nini?" nikamuuliza.

"Wewe si mwenyeji? Andika wanavyopaita."

Sasa pale kila mtu alipaita lake: kwenye kona, kwenye nguzo iliyolala, kwa fundi mashine. Huyo fundi mashine ni Mzee Shomari, anayetengeneza mashine za boti, mtu wa maneno machache, na ana binti anayeitwa Zuwena, fundi cherehani, ambaye akikuangalia juu ya kitambaa anachoshona unasahau ulichofuata. (Mnaona tunakoelekea.) Wiki ile ile mjomba wangu Rajabu alikuwa amepeleka barua yangu ya posa, na jibu tuliambiwa ni Ijumaa. Nimekaa na brashi, rangi ya buluu imekolea vizuri, moyo umenijaa, nikajiambia wenzangu wanawanunulia wachumba khanga, mimi wangu nitampa kituo kizima. Nikaandika ZUWENA, herufi kubwa zenye kivuli cha njano, na chini yake, kama ninavyofanya kwenye kila kibao, nikaweka: Kazi ya Athumani, na namba ya simu.

Bwana wa mradi akaliingiza jina kwenye orodha bila neno, orodha ikachapwa, makonda wote wakagawiwa. Alhamisi vibao vikasimikwa.

Ijumaa baada ya sala mjomba akaingia kwa Mzee Shomari na kanzu yake iliyopigwa pasi. Kwetu muoaji haendi kusikiliza jibu, anakaa kwao anatulia. Mimi kutulia kukanishinda, nikaenda kukaa kwenye benchi la kile kituo, ng'ambo ya barabara, nikijifanya msafiri. Dirisha la sebule lilikuwa wazi, kofia ya mjomba naiona.

Gari la kwanza likaja. Konda alikuwa Side, tuliyesoma naye, kichwa kiko nje na sauti yake ile ya kupasua nazi.

"Zuwena! Zuwena wapo?"

"Tupo wawili!" akajibu mama mmoja ndani.

"Suka, Zuwena wawili, shusha!" Side akampigia dereva kelele.

Kofia ya mjomba ikageuka. Mimi nikajikunyata kwenye benchi, kwa sababu jina lile nilikuwa nimeliona kwa macho tu, sikuwahi kufikiria litakavyosikika. Na nyumba ile jina la binti haliitwi barabarani, hata baba yake akimtaka huingia ndani, hamwiti kutoka nje. Gari la pili nalo likapita moja kwa moja, babu mmoja akiwa anagombana na konda wake:

"Nimekwambia Zuwena, wewe!"

"Babu, Zuwena tushampita, ungesema mapema!"

Ningekuwa na akili ningeondoka. Nikabaki, gari la tatu likawa ni Side tena, anarudi na zamu yake ya pili, akaniona.

"Oyaa, Athumani! Saa nzima upo hapo, unapanda au unamngoja Zuwena?" Kisha macho yakamtua kwenye kibao, akakisoma kwa sauti kama anasoma taarifa ya habari: "Zuwena. Kazi ya Athumani. Piga simu."

Gari zima likaangua kicheko, pamoja na dereva. Lilipoondoka, Mzee Shomari alikuwa amesimama mlangoni kwake, na nyuma yake mjomba, kikombe cha kahawa kingali mkononi. Mzee akavuka barabara taratibu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Unasafiri?"

"Hapana. Yaani ndiyo, naelekea Mlingotini."

"Yamepita magari matatu."

Akakisoma kibao, juu hadi chini, mpaka namba ya simu, halafu akasema bila kupandisha sauti (afadhali angepandisha), "Athumani, jina hili nilimpa mimi, nikamtajia sikioni akiwa na siku saba. Leo nimelisikia kwa makonda."

Nikakimbilia kopo la rangi nilifute hapo hapo, mjomba ananishika kanzu, mimi niko juu ya benchi. Kumbe halifutiki! Bwana wa mradi nilipompigia akasema jina limo kwenye orodha, kulibadili ni mpaka mkutano wa mtaa ukae, na aliyeliandika asimame aeleze sababu. Mkutano ulikuwa baada ya wiki tatu. Kibao nikakivika gunia, haikusaidia, makonda walishashika. Simu yangu nayo haikupumzika: "Hallo, hapo ni Zuwena? Nimesahau begi langu kwenye benchi."

Lakini lililoniumiza ni ujumbe wa Zuwena mwenyewe. Aliandika: "Nateremka kituo cha nyuma natembea juani, maana siwezi kumwambia konda nishushe Zuwena. Hukuweza kuniuliza?" Niliyetaka kumfurahisha ndiye niliyemtoa kwenye gari.

Siku ya mkutano watu walijaa kama kuna mchele wa bure. Mwenyekiti akasema nieleze sababu. Nilikuwa nimepanga uongo mzuri kuhusu bibi mmoja wa zamani aliyeitwa Zuwena, jasho likanisahaulisha, na Bi Tatu muuza mihogo akapaza sauti kutoka nyuma, "Sema tu, baba, tunajua!"

"Nampenda," nikasema. "Lakini sikumuuliza."

Vigelegele, makofi, mjomba kafunika uso na kofia. Ndipo Zuwena akasimama, ushungi umemkaa vizuri, akangoja kelele zishuke.

"Mwenyekiti, pale pana kisima. Andikeni Kisimani. Kisima hakina baba wa kuona haya."

Mikono yote ikanyooka. Kibao nikakiandika siku hiyo hiyo, na jibu la posa nikaletewa na mjomba: Mzee Shomari anasema siku atakayokaa barazani asubuhi mpaka adhuhuri asisikie jina la mwanawe barabarani, nitapata jibu. Basi kila alfajiri mimi kituoni, nawasihi makonda mmoja mmoja, na Side ananiambia, "Kaka, mdomo umeshazoea, unataka niukate?" Siku ya kwanza lilitajwa mara nane. Ya tano, mara mbili. Kuna siku tulifika saa tano na nusu, mwanangu wee, dereva mmoja akaharibu.

Jumamosi moja asubuhi nzima ikapita, Kisimani, Kisimani, Mzee yuko barazani na tasbihi. Adhana ya adhuhuri inakaribia, gari la mwisho kabla yake linasimama, na ajuza mmoja kutoka Makurunge, mzigo kichwani, anashuka anauliza kwa sauti, "Wajukuu zangu, hapa ndipo kwa Zuwena?"

Nikafumba macho. Nikasikia kandambili zinavuka barabara. Mzee Shomari akampokea yule bibi mzigo, akamwambia, "Hapa Kisimani, mama. Zuwena ni binti yangu." Kisha akanitazama, akashindwa kuzuia, akacheka mpaka tasbihi ikamponyoka. "Mwambie mjomba wako aje. Na yeye tu, wewe kaa kwenu."

Nimeapa: hata niandike ukuta wa choo, sitaweka jina la mtu kabla ya kumuuliza mwenye jina. Ndoa tumepanga baada ya Ramadhani, inshallah. Zuwena amekubali yote isipokuwa moja: kadi za mwaliko ataandika mtu mwingine.