Neno Nililoandika Mkononi mwa Furaha

Harufu ya turubai lililochomwa na jua hunichafua roho mpaka leo. Ni harufu ya kambi ya Mweso, tulikokimbilia vita vilipofika kwenye shamba letu la Masisi: Mama, mimi, na dada yangu Furaha aliyenizidi miaka mitatu.

Furaha alikuwa na mwili wa ajabu. Kidole gumba alikipinda nyuma mpaka kikalala juu ya mkono, na watoto walitoka vibanda vya mbali kuja kushangaa. Ukimkwaruza kidogo kwa ukucha, mstari mwekundu uliinuka na kubaki. Shule haikuwapo, basi herufi zangu zote nilijifunzia mkononi mwake. Alivumilia huku akicheka. "Andika polepole, iko inaniwasha."

Kitu kimoja kilimshinda: kusimama. Kwenye mstari wa kugawiwa unga midomo ilimpauka, moyo ukamdunda hadi shingoni, naye akachuchumaa. Wamama walimsema waziwazi. Nami, niwaambieni ukweli, nilimwonea haya.

Siku moja alizimia kabla jina letu halijaitwa. Alipozinduka, mgao ulikuwa umekwisha. Mama alirudi kutoka kulima mashamba ya watu, akaiona sufuria tupu, akaketi. Njaa iliniuma, hasira ikanizidi. Nikaushika mkono wa Furaha na kuandika kwa ukucha: MUVIVU.

Hakuuvuta mkono. Tuliyatazama maandishi yakivimba, herufi moja baada ya nyingine.

"Umeandika muzuri," akasema. "Sasa unajua."

Yalifutika kabla jua halijazama. Lakini tangu siku ile sikumwona tena akichuchumaa. Alisimama mstarini meno ameyauma, akaanguka, akainuka, akasimama tena. Bega lilimchomoka mara mbili. Nilifurahi kwamba tulikula.

Mwaka huu, huko Goma, daktari alimpitishia binti yangu, ambaye naye huzimia akisimama, kijiti mgongoni. Mstari ukainuka, nami nikaanza kulia kabla daktari hajasema kitu. Alinieleza kwamba viungo vilivyolegea, damu inayoshuka miguuni mtu akisimama, na ngozi inayowaka kwa jambo dogo, mara nyingine humpata mtoto mmoja vyote pamoja. Ni ugonjwa, alisema, si tabia.

Nilimpigia Furaha simu, nikamwambia yote, nikamwomba msamaha. Mpaka sasa, hata kanisani, yeye ndiye wa mwisho kuketi.

"Basi," akasema, "mumuache mutoto aikale chini."